“Tutalipa Pesa Nyingi Tutoke na Njaa”: Siku Tano za Mke na Mume Cape Town

Swali: “Habari za kazi, kaka. Mwezi Juni mimi na mume wangu tunatimiza miaka 12 ya ndoa. Watoto watabaki kwa bibi yao hapa Arusha, na kwa mara ya kwanza tutasafiri wawili tu, siku tano Cape Town. Mimi napenda sanaa tangu niko shule. Natamani tulale kwenye hoteli nzuri, tule angalau mara moja kwenye mgahawa wa mpishi mkubwa. Mume wangu ni mtu wa ugali na samaki, anasema tutalipa pesa nyingi tutoke na njaa. Sisi ni Waislamu, hatunywi pombe, na yeye ana kisukari, anatumia vidonge. Tumeweka shilingi milioni 6 nje ya tiketi za ndege. Nimeanza kubuku, lakini mgahawa unataka namba ya kadi kabla hata hatujala, na hoteli niliyoiona jana leo bei imebadilika. Naogopa kutapeliwa. Pesa inatosha? Na hiyo baridi ya Juni, tuahirishe? Sitaki tukaonekane washamba.”

Dada yangu, hongereni sana kwa miaka 12. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona una hofu mbili ulizozifunga kwenye fundo moja. Ya kwanza ni ya pesa, na hiyo umeieleza vizuri. Ya pili umeitupia mwishoni kama jambo dogo: kwamba mtafika mahali ambapo kila mtu anajua afanye nini isipokuwa nyinyi. Nimefanya kazi ya hoteli miaka 19, kwanza mapokezi, baadaye kwenye ofisi inayopanga bei za vyumba, na sasa nawapangia watu safari. Hofu hiyo ya pili nimeiona ikigharimu watu kuliko bei yenyewe. Mtu anayeona haya kuuliza hukubali kila anachowekewa mbele yake.

Kwa hiyo nianze na neno utakalomwambia mzee leo jioni: milioni 6 inatosha, na Juni msiahirishe. Ila haitoshi kwa kila kitu ulichokiona kwenye picha. Itawatosha mkichagua kitu kimoja kikubwa kwa siku, kisha mkakipa muda wake. Watu wengi wanaokwenda mjini kwa ajili ya vyakula, sanaa na hoteli nzuri hukosea hapo. Wanabuku hoteli ya gharama kisha hawakai ndani yake, wanabuku mgahawa wa saa tatu siku ambayo wametoka kutembea makumbusho mawili, na wanafika mezani miguu inauma, hawana hata hamu ya kuongea. Mlo wa bei ile ukiula umechoka umepoteza pesa, hata kama mpishi hakukosea chochote.

Sasa tuje kwenye kadi, maana hapo ndipo ulipokwama.

Mgahawa kudai namba ya kadi kabla hamjala si utapeli, ni utaratibu wa kawaida wa migahawa ya aina hiyo. Jikoni kwao hawapiki sufuria kubwa kisha wakasubiri wateja. Wananunua samaki, nyama na mboga kwa kuhesabu vichwa vilivyobuku usiku huo. Ukumbi unaweza kuwa na meza chache tu, na kila meza inakaliwa na watu wale wale jioni nzima. Wawili wasipotokea, chakula chao kimeshanunuliwa na viti vyao havina wa kuvikalia. Ndiyo maana wanachukua amana, au wanaweka kadi yako kama dhamana na kukukata usipofika bila taarifa. Soma mstari unaosema mwisho wa kughairi ni saa ngapi kabla, 24 au 48 au zaidi, uuandike kwenye simu yako.

Utapeli una dalili zake. Bukia kwenye tovuti ya mgahawa wenyewe. Kule Afrika Kusini migahawa mingi hutumia mfumo wa kubuku unaoitwa Dineplan, kwa hiyo ukibonyeza kitufe cha kubuku ukapelekwa huko usishtuke. Lakini hakuna mgahawa wa kweli utakaokuomba namba ya siri ya kadi, au ile namba ya uthibitisho ambayo benki inakutumia kwenye simu uwasomee kwa WhatsApp, au utume pesa kwenye namba ya mtu binafsi. Ukiona mojawapo, achana nao hapo hapo.

Hoteli nayo ina jambo lake, na naomba ulielewe vizuri kuliko yote niliyoandika hapa, kwa sababu nimewaona wanandoa wakigombana kwa ajili yake mbele ya dawati langu. Mkifika mapokezi, hata kama chumba mmeshakilipia, mhudumu ataomba kadi “kwa ajili ya matumizi”. Hapo hoteli inaiambia benki yenu ishikilie kiasi fulani cha pesa, ili mkila kitu chumbani au mkivunja kitu, pesa ya kulipia iwepo. Hawajaichukua, imezuiwa tu. Kwa mwenye kadi ya mkopo kinachopungua ni kiwango anachoruhusiwa kukopa. Kwa wengi wetu tunaotumia kadi ya kawaida ya akaunti, ni pesa yetu halisi inayofungiwa, na ikiachiwa siku ya kuondoka inaweza kuchukua siku kadhaa, pengine zaidi ya wiki, kurudi kwenye salio.

Kulikuwa na mume na mke kutoka Mombasa, siku yao ya tatu hotelini kwetu. Walirudi kutoka mjini saa nne usiku, mke amevua viatu amevishika mkononi, mume ananyoosha simu. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe wa benki mara mbili: mmoja wa pesa iliyoshikiliwa siku waliyofika, mwingine wa kadi kukataliwa mgahawani saa moja iliyopita. Alidhani tumemwibia. Mke alidhani mume ametumia pesa bila kumwambia. Hakuna aliyekosa pale, ni kwamba hakuna aliyewaeleza. Nilifuta ile dhamana usiku ule ule, nikachukua fedha taslimu kidogo badala yake, lakini benki yao haikuirudisha kabla hawajaondoka.

Basi fanya hivi. Iandikie hoteli barua pepe sasa, uliza: “Mnashikilia kiasi gani kwa usiku, na mnakubali fedha taslimu badala ya kadi?” Kisha gawa pesa zenu kwenye kadi mbili, yako na ya mzee. Moja ni ya mapokezi tu, nyingine ya kula na kutembea. Na mashine ya kulipia ikikuuliza ulipe kwa randi au kwa shilingi au dola, chagua randi kila mara. Ukichagua sarafu nyingine, kiwango cha kubadilishia anakipanga mwenye mashine, na hakipangi kwa faida yako.

Kuhusu bei kubadilika kutoka jana hadi leo, hilo nililifanya kwa mikono yangu miaka mingi. Chumba cha hoteli ni kama kiti cha basi la Arusha kwenda Dar: likishaondoka na kiti kitupu, kiti hicho huwezi kukiuza tena. Kwa hiyo ofisi ya bei inaangalia kila siku vyumba vingapi vimebaki, kuna mkutano gani mjini, ndege zinajaa vipi, ndipo inapandisha au kushusha. Hujatapeliwa, umeona bei ikipumua. Ukiielewa unaweza kuitumia. Cape Town bei hupanda sana Desemba na Januari, watalii wa Ulaya wanapokimbia baridi yao. Juni ni majira ya baridi huko, vyumba vinabaki, bei zinashuka, na migahawa kadhaa mikubwa hutoa menyu za msimu wa baridi kwa bei nafuu kuliko ya kiangazi. Mingine hufunga wiki moja au mbili wapumzike, kwa hiyo hakikisha mapema. Na mara nyingi usiku wa Jumapili ndio wenye bei ya chini kuliko yote kwenye wiki.

Baridi yenyewe watu wa Arusha mnaijua. Mchana huwa nyuzi kama 17 au 18, usiku inashuka chini ya 10. Tofauti ni mvua, inayokuja na upepo wa baharini, na jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa mtu wa fukwe hiyo ni hasara. Nyinyi mnakwenda kwa ajili ya kuta zenye picha na meza iliyoandaliwa, na hivyo vyote viko ndani. Koti lisilopitisha maji, viatu vilivyofunikwa, basi.

Turudi kwa mzee na njaa yake.

Anachokiona kwenye picha ni sahani kubwa na katikati kuna kitu ukubwa wa kiberiti. Ana haki ya kuuliza. Ambacho picha haionyeshi ni kwamba sahani hizo zinakuja saba, nane, wakati mwingine zaidi ya kumi, na mkate na siagi kati yake, kwa muda wa saa mbili na nusu hadi tatu. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuupa ubongo habari kwamba limepokea chakula. Nyumbani tunamaliza sahani kabla habari haijafika, ndiyo maana tunaongeza. Pale chakula kinakuja taratibu, habari inafika, na ukifika sahani ya sita unaanza kupumua kwa nguvu. Katika wote niliowapeleka sijawahi kusikia aliyetoka na njaa. Malalamiko niliyoyasikia ni mengine: kwamba muda ni mrefu, au kwamba hawakuelewa kwa nini bei ni ile. Bei ile ni ya mikono. Jikoni kuna watu wengi kwa wageni wachache, na mchuzi mmoja unaweza kuwa na kazi ya siku mbili.

Kwa mtu wa samaki, mimi ningemweka La Colombe, ulio juu mlimani upande wa Constantia Nek, katikati ya miti. Wana chakula chao kilichowapa jina: samaki wa jodari anayeletwa ndani ya kopo, kama lile la samaki wa dukani unalolifungua kwa kuvuta kifuniko. Mezani linaonekana kama mzaha, mpaka ufungue. Mwache mzee afungue yeye. Ukitaka kubaki katikati ya mji, FYN uko ghorofa ya tano, mtaa wa Parliament, na mpishi wake Peter Tempelhoff anaunganisha vyakula vya Afrika Kusini na ustadi wa Kijapani, kwa hiyo samaki hawakosekani. Yote miwili imeshatajwa kwenye orodha za migahawa bora duniani, ndiyo maana meza zake hazipatikani kwa kubahatisha. Buku miezi miwili kabla.

Na nendeni mchana, msiende usiku. Kwenye migahawa ya aina hii mara nyingi mchana kuna menyu fupi zaidi na ya bei ndogo kutoka jikoni lile lile, kwa mikono ile ile. Juni mchana mnapata pia mwanga wa kuona mlima dirishani, na mkitoka saa kumi bado hamjachoka. Kwa mwenye kisukari mchana una faida nyingine, nitaifikia.

Sasa la halali, na hapa sitaki kukupaka mafuta. Jikoni nyingi za ngazi hii hazina cheti cha halali. Divai inaingia kwenye michuzi, jelatini kwenye vitamu, na nguruwe anaweza kupikwa kwenye sufuria zile zile. Ukiwaandikia mapema kwamba hamli nyama yao, hamtaki pombe kwenye chakula chochote, na mnakula samaki na mboga, wengi hufanya kazi nzuri sana, na menyu ya mboga siku hizi ni jambo la kawaida. Lakini vyombo vitakuwa vya pamoja. Kama dhamiri zenu zinataka uhakika kamili mpaka kwenye sufuria, basi menyu hiyo ndefu si yenu, na hakuna haja ya kujilazimisha kwa ajili ya picha. Amueni wenyewe wawili, kabla ya kulipa amana. Kuhusu kutokunywa, hilo halina uzito wowote: migahawa mingi ina vinywaji visivyo na kilevi vilivyoandaliwa kwenda na kila sahani, na mkitaka maji tu, maji yataletwa kwa heshima ile ile.

Tena Cape Town si mji wa kumtesa Mwislamu kwa njaa. Mtaa wa Bo-Kaap, zile nyumba za rangi unazoziona kwenye picha, ulijengwa na vizazi vya Waislamu ambao wazee wao wengi waliletwa utumwani na uhamishoni kutoka visiwa vya Indonesia, India na pwani ya Afrika Mashariki. Msikiti wa Auwal, mtaa wa Dorp, ulianzishwa mwaka 1794, na ni wa kwanza Afrika Kusini. Mzee akaswali Ijumaa pale. Chakula chao mtakielewa ulimi ukigusa tu: sambusa, nyama iliyopikwa na ukwaju, bobotie ya nyama ya kusaga yenye viungo na yai juu. Jumapili asubuhi kuna koesister, andazi lenye iliki na mdalasini lililochovywa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi. Wenyeji huzinunua majumbani kwa akina mama, zikiwa bado za moto. Moja tu kwa mzee, nne kwako.

Hapa nieleze habari ya kisukari, na mimi si daktari. Jambo la kufikiria ni muda. Mtu anameza kidonge akitegemea kula ndani ya dakika fulani, kumbe wanga wa kwanza unakuja baada ya saa moja na sukari yote inakuja mwishoni kwa mkupuo. Kuna vidonge vinavyoisukuma kongosho kutoa insulini, na mtu akivimeza kisha chakula kikachelewa sukari inaweza kushuka ghafla. Vingine havina hatari hiyo sana. Sijui mume wako anatumia vipi, na kwa hilo msisome mtandaoni, msiniulize mimi: nendeni kliniki yake mkiwa na boksi la dawa mkononi, mwelezeni daktari kwamba kutakuwa na mlo wa saa tatu, sahani ndogo ndogo, na safari ya siku nzima ya ndege. Atawaambia ameze lini. Mgahawani waandikieni kwamba kuna mgeni mwenye kisukari, mkate uje mwanzoni kabisa, na kitamu cha mwisho kiwe cha matunda au jibini. Mchana ni salama zaidi kwa sababu mkitoka mna saa nyingi za kutembea na kupima kabla ya kulala. Kipimo na pipi viwe kwenye mkoba wako, visiwe kwenye begi la chini ya ndege.

Upande wa sanaa nitaandika kwa raha, kwa sababu najua utafurahi.

Bandarini kuna Zeitz MOCAA, jumba la sanaa ya sasa ya Afrika na ya watu wenye asili yake waliotawanyika duniani. Lilifunguliwa Septemba 2017 ndani ya ghala la nafaka la mwaka 1924. Ghala lile lilikuwa mirija 42 ya zege, mirefu, iliyoshikana kama bomba za kinanda, na mbunifu Thomas Heatherwick hakuibomoa. Alichukua umbo la punje moja ya mahindi, akalikuza mpaka likawa refu kama jengo la ghorofa, kisha akalichonga tupu katikati ya ile mirija. Ukisimama chini ukatazama juu unaona zege limekatwa kama kisu kilivyopita kwenye muwa, mduara mmoja mmoja unaonekana. Mwambie mzee wa ugali kwamba ameletwa kwenye kanisa la mahindi. Aliyeliongoza kuanzia 2019 hadi alipofariki Mei 2025 ni Koyo Kouoh, mzaliwa wa Cameroon, na onyesho alilolifungua Novemba 2022 lilikusanya karne nzima ya wachoraji Weusi wakijichora wenyewe: watu wakipumzika, wakicheza, wakipendana. Jumba limekuwa na utaratibu wa kuingiza raia wa nchi za Afrika bure Jumatano asubuhi, mkionyesha pasipoti. Angalia tovuti yao wiki hiyo uhakikishe saa.

La pili ni jumba la taifa la sanaa, Iziko, kwenye Bustani ya Kampuni, bustani iliyoanzishwa na Waholanzi mwaka 1652 walime mboga za meli zao. Humo muulizie kazi ya Jane Alexander, watu watatu walioketi kwenye benchi, aliyoitengeneza mwaka 1985 na 1986 wakati ubaguzi wa rangi unachemka. Ni miili ya wanaume ya ukubwa wa kweli, wamekaa kama watu wanaosubiri basi, vichwa vina pembe na hawana midomo. Usisome maandishi ya ukutani kwanza. Kaa mbele yao dakika tano na mume wako, kila mtu aseme anaona nini. Ndivyo sanaa inavyotazamwa, na mtu asiyejua chochote kuhusu sanaa mara nyingi ndiye anayesema jambo la kukumbukwa. Muulizie pia kama kuna picha ya Irma Stern imetundikwa siku hiyo. Mama yule alikuja Zanzibar mwaka 1939 na tena 1945, akachora wazee na wanawake wa Kiunguja, na baadhi ya picha zake alizitia fremu za mbao zilizochongwa za milango ya Zanzibar. Picha yake moja ya mzee wa Kiarabu ilikutwa London mwaka 2015 inatumika kama ubao wa kubandikia barua na karatasi jikoni. Kukutana na uso wa pwani yetu kwenye ukuta wa kule ni jambo la kusimama.

Kila moja lipe siku yake, wala usiongeze la tatu. Jicho nalo linashiba.

Mkifika wiki ya kwanza ya mwezi, Alhamisi ya kwanza nyumba za sanaa za katikati ya mji huwa wazi mpaka usiku, watu wanatembea kutoka moja hadi nyingine, kuingia ni bure. Mtu asidhani lazima anunue. Ila kama mtataka kumbukumbu ya ndoa ukutani, ulizeni chapa za karatasi, zile zinazochongwa kwenye lino (kipande laini kama zulia la sakafu) au mbao na kupigwa wino. Afrika Kusini ina mafundi wazuri sana wa kazi hiyo. Chini ya karatasi utaona namba ya penseli kama 7/30, maana yake ni ya saba kati ya 30, na sahihi ya msanii kando yake. Ni kazi halisi, kwa sehemu ndogo ya bei ya picha ya rangi, na inakunjwa kwenye bomba la karatasi. Dai ankara ya kodi. Mgeni anayetoka na bidhaa nchini anaweza kurudishiwa VAT ya asilimia 15 uwanja wa ndege, akionyesha bidhaa yenyewe na ankara kabla hajakabidhi mizigo. Chakula na chumba havirudishiwi.

Na hoteli? Juu ya Zeitz kuna The Silo, vyumba 28 tu, vioo vimefura nje kama mito. Ni nzuri kama unavyoiona, na usiku mmoja unaweza kumeza nusu ya milioni zenu au zaidi. Mimi nisingeilala. Mount Nelson, ile ya rangi ya waridi chini ya mlima, ilifunguliwa mwaka 1899 na ikapakwa rangi hiyo mwaka 1918 vita ilipokwisha. Usiku mmoja huko mwezi Juni nao unaweza kula robo ya pesa zenu. Una njia mbili. Mnaweza kukaa siku zote kwenye hoteli ndogo nzuri mitaa ya Gardens au De Waterkant, vyumba kumi au ishirini, wenye macho ya kuchagua viti na picha, kisha mkaenda Mount Nelson kunywa chai ya alasiri tu, ambayo hata asiyelala hapo anaweza kubuku. Tatizo ni kwamba chai ile ni meza ya keki, na mzee atakuwa anakutazama. Au mlale siku nyingine zote kwenye hoteli ndogo na usiku mmoja wa mwisho pale Mount Nelson.

Mimi nachagua ya pili, kwa sharti. Chumba kinafunguliwa saa nane au tisa mchana na mnatakiwa kutoka saa tano asubuhi. Mmenunua takriban saa 20. Mkizitumia kuzunguka mjini mmenunua kitanda tu. Kwa hiyo iwe Jumapili: bei iko chini, migahawa mingi mikubwa imefunga, asubuhi mmeshakula koesister zenu Bo-Kaap. Pelekeni mabegi saa nne, hata kama chumba hakijawa tayari watawapokelea na kuwaacha mkae bustanini. Msitoke tena. Andika wakati wa kubuku kwamba ni miaka 12 ya ndoa, kwa sababu watu wa mapokezi huisoma taarifa hiyo asubuhi wanapogawa vyumba, na chumba chenye dirisha zuri kikiwa hakina mtu, tunapenda kumpa mwenye sababu. Nimekigawa hivyo mara nyingi sana. Ndege yenu ya Jumatatu iwe ya mchana.

Mkifanya usiku huo na mlo mmoja mkubwa, pesa inatosha. Mkitaka milo miwili mikubwa, ondoeni usiku huo. Vyote vitatu havitaingia, na ni bora mjue leo.

Mavazi: hakuna anayedai suti. Shati safi na suruali kwa mzee, na wewe gauni na mtandio wako unaoupenda, mko sawa popote nilipotaja. Bakshishi ni asilimia 10 hadi 15, angalieni kwanza kama haijaingizwa kwenye bili. Usiku msitembee kwa miguu katikati ya mji, iteni gari kwa simu hata kama ni mita 500, na simu zikae mfukoni barabarani. Viza hamhitaji kwa ziara fupi mkiwa na pasipoti za Tanzania, lakini kwa kuwa mtapita Nairobi au Addis Ababa, bebeni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano.

Benki nendeni wenyewe tawini, wote wawili, wiki mbili kabla. Waambieni wazifungue kadi kwa matumizi ya nje, wawaambie kikomo cha siku, na waulizeni hasa: pesa iliyoshikiliwa na hoteli ikiachiwa, kwenu inachukua siku ngapi? Afisa akijibu “inategemea”, ombeni kumwona msimamizi wa kadi. Na kliniki msiende Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, nendeni mapema, ili daktari akitaka kubadilisha saa za dawa mzee apate wiki moja ya kuzizoea nyumbani.